Siku sita na Mama: Würzburg hadi Füssen kwa barabara za vijijini

Jumanne usiku, mezani

Ramani imetandazwa mezani tangu saa kumi na mbili jioni, na sasa ni saa nne usiku. Tumekubaliana jambo moja tu: hatupiti hayawei, zile barabara kuu za mwendo kasi.

Mdogo wangu, ambaye huu ni mwaka wake wa sita akiwa muuguzi hapa Würzburg, alitaka tushike A7. Ndiyo hayawei ndefu kuliko zote Ujerumani. Inaanzia mpakani mwa Denmark na kuishia Füssen, chini ya milima ya Alpi, na kutoka hapa ingetufikisha kwa saa tatu hivi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na humo njiani tutaona nini?"

"Malori, Mama."

"Basi mwanangu, mimi sikutoka Mwanza kuja kutazama malori."

Kwa hiyo tunafuata Romantische Straße. Njia hii ya watalii ilibuniwa mwaka 1950, vita ikiwa na miaka mitano tu tangu iishe na nchi hii ikihitaji wageni warudi kuiangalia kwa jicho jingine. Haikujengwa upya. Ni barabara za kawaida za mikoani zilizounganishwa kwa vibao vya kahawia, kama kilomita 460 kwa jumla, kuanzia mashamba ya mizabibu ya hapa hadi ngome za mfalme kule milimani. Mdogo wangu anasema baadhi ya vibao vimeandikwa hadi Kijapani, maana Wajapani waliipenda njia hii zamani kuliko wengi.

Mpango wenyewe tumeujenga juu ya magoti ya Mama. Kila siku usukani usizidi saa mbili na nusu. Kila tunapolala pawe na lifti au chumba cha chini. Kila mchana pawe na mahali pa kukaa kabla hajaomba. Ukishaweka masharti hayo matatu, ramani inajipanga yenyewe: Rothenburg usiku mmoja, Nördlingen usiku mmoja, Augsburg usiku mmoja, kisha Füssen siku mbili. Tiketi za Neuschwanstein, kasri la mfalme karibu na Füssen, tulizilipia mapema kwa intaneti, kwa sababu zinauzwa kwa saa na dakika, na ukifika hapo mikono mitupu huenda ukaambiwa zimekwisha. Gari ni la kukodi. Nimekuja na leseni yetu ya Tanzania pamoja na ile ya kimataifa, ili nimpokee mdogo wangu usukani.

Jambo moja nimeliongeza mwenyewe. Nimeiomba kampuni ya magari ituandikie kwamba tunaruhusiwa kuvuka kuingia Austria. Mwisho wa safari, kilomita chache tu kutoka Füssen, kuna mji mdogo sana unaoitwa Vils, nami nimeuzungushia duara kwa kalamu nyekundu. Mdogo wangu ameuliza kuna nini huko. Nimemwambia nitamweleza tukifika Augsburg.

Siku ya kwanza, Jumatano. Würzburg

Leo hatukuwasha gari. Ningemshauri yeyote anayefuata njia hii asiikimbie Würzburg, na Mmwanza nitamsihi.

Würzburg na Mwanza ni miji ndugu tangu mwaka 1966. Nilikuwa nikilisikia hilo tangu utotoni kama jambo la kwenye hotuba, lakini leo nimeliona kwenye uso wa mtu. Mdogo wangu alitupitisha wodini kwake tusalimie. Mzee mmoja aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti aliposikia neno Mwanza aliinua kichwa, akasema mji huo anaujua, mpwa wake alifanya mazoezi ya udaktari hospitali ya Bugando. Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Watoto wake wote wanne tulizaliwa Bugando.

Kutoka hapo tulipita mtaa ambako Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale yake, ile ya eksirei, tarehe 8 Novemba 1895. Jengo lipo, unaingia kutazama vyombo vyake. Mama alisimama mbele ya picha ya mkono wa mifupa, akanyoosha wake akaulinganisha. Mwaka jana magoti yake yalipigwa eksirei kule nyumbani, na hakuwa amejua kwamba kitu hicho kilianzia kwenye chumba ambacho mtu anaweza kukivuka kwa hatua chache.

Mchana tuliingia Residenz, kasri la maaskofu watawala, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1720 chini ya Balthasar Neumann. Unapanda ngazi pana, na kwa kila hatua dari inazidi kujifunua juu yako. Mchoraji wake ni Tiepolo kutoka Venice, aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1752 na 1753. Amechora mabara manne, kila bara upande wake. Afrika ni mwanamke mweusi aliyeketi juu ya ngamia, na pembeni kuna wafanyabiashara, mizigo, na kima anayemvuta mbuni manyoya. Tiepolo hakuwahi kufika kwetu. Nilimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, kwa sababu ndiye aliyekaa kwa utulivu kuliko watu wote waliomzunguka.

Tarehe 16 Machi 1945 mji huu ulipigwa mabomu kwa muda wa dakika ishirini hivi. Sehemu kubwa ya mji wa kale iliteketea na maelfu ya watu wakafa. Paa la kasri liliungua, lakini ile dari ya mawe ya Neumann, isiyo na hata nguzo moja katikati, haikuanguka.

Jioni tulisimama kwenye daraja la kale la mto Main, watu wamejaa, kila mmoja na glasi ya mvinyo mkononi katikati ya sanamu za watakatifu. Sisi tulikunywa juisi ya zabibu. Mizabibu yenyewe iko pale juu kwenye mteremko, unaiona kutoka darajani.

Siku ya pili, Alhamisi. Bonde la Tauber

Mdogo wangu alitutoa mjini, mimi nikapokea usukani baada ya Tauberbischofsheim. Kwa aliyezoea kushoto, kulia si kugumu barabara ikiwa na magari mengine, maana unawafuata. Ugumu uko pale unapotoka sheli asubuhi na mapema, barabara tupu, na mikono inataka kurudi ilikozoea. Mama alipewa kazi: kila ninapoingia barabarani anasema "kulia, mwanangu". Aliifanya siku zote zilizobaki bila kuchoka. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume na kwetu, na hapo alikuwa akisema mara mbili.

Kuna sheria nyingine iliyonipa kazi zaidi. Kwenye vijiji, penye njia panda isiyo na kibao, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, hata kama yuko kwenye kichochoro na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Ukishaizoea unaona uzuri wake: inamlazimu kila mtu apunguze mwendo. Nje ya vijiji mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Sisi tulikwenda 70, na penye nafasi nikiwaacha wenye haraka wapite.

Bad Mergentheim tulikunywa chai ya chupa tuliyobeba. Weikersheim tukaona bustani ya kasri yenye sanamu za vibeti. Sikai sana hapo, kwa sababu moyo wangu uko Creglingen.

Nje kidogo ya mji huo kuna kanisa dogo, Herrgottskirche, na ndani yake meza ya altare iliyochongwa na Tilman Riemenschneider mwanzoni mwa miaka ya 1500. Ni Bikira Maria akipandishwa mbinguni, mitume wamemzunguka, yote ya mti laini wa Linde, na haikupakwa rangi. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ilifungwa kwa muda mrefu, ikaja kufunguliwa tena karne ya 19. Labda ndiyo maana nyuso zile ni kama jana. Mama, ambaye amewahi kuishi na majirani wachongaji wa Kimakonde, alisogea mpaka kamba ilipomzuia. "Tazama mishipa ya mikono," alinong'ona. "Huyu alichonga watu anaowajua." Riemenschneider alikuwa pia meya wa Würzburg, na wakulima walipoasi mwaka 1525 alikuwa miongoni mwa waliokataa kumuunga mkono askofu dhidi yao. Alifungwa na kuteswa kwa hilo. Nilipomweleza Mama, alirudi kuitazama mikono.

Rothenburg tuliingia saa kumi na moja jioni, na hiyo ndiyo saa ya kuingia. Mabasi ya watalii yanakuwa yanaondoka, na mji unabaki na wenyewe na waliolala humo. Ukuta wake una ushoroba wenye paa ambao unaweza kuutembea. Mama alipanda ngazi taratibu, tukaenda naye kipande. Kwenye mawe ya ukuta kuna vibao vya majina ya watu na miji ya mbali. Ni wale waliochanga pesa ukuta uinuke tena, kwa sababu tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliangusha sehemu kubwa ya upande wa mashariki. Ungeharibiwa zaidi. Inasimuliwa kwamba John McCloy, naibu waziri wa vita wa Marekani, alikuwa amesikia habari za mji huu kwa mama yake aliyewahi kuutembelea, na alipojua mizinga inaelekezwa huko akaomba isipigwe. Askari wachache wakaja na bendera nyeupe, na mji ukasalimu amri.

Mdogo wangu alinunua Schneeballen, mikate ya unga uliokatwa vipande vya utepe, ukafinyangwa kama mpira na kukaangwa. Inafanana na visheti, ila mikavu zaidi. Chovya kwenye chai.

Siku ya tatu, Ijumaa. Kwenye shimo la kimondo

Dinkelsbühl ni nzuri na vita haikuigusa. Tulizunguka saa moja tukaondoka. Katika mji mwingine mdogo tulipata faini ya kuegesha gari, kwa kosa letu: tulisahau kuweka ile saa ya bluu ya karatasi kwenye kioo, inayoonyesha umefika saa ngapi. Kila gari linakuwa nayo. Itafute kabla hujazima injini.

Kisha barabara, B25, ikaanza kuteremka na nchi ikawa tambarare kama sahani, vilima vikiwa mbali pande zote. Sikusema kitu mpaka tulipofika Nördlingen. Mama alikaa kwenye benchi la uwanjani na mdogo wangu, nami nikapanda Daniel, mnara wa kanisa la Mtakatifu George, ngazi 350 hadi juu. Kutoka pale mapaa mekundu yamekaa kwenye duara kamili la ukuta, na ukuta huo unaweza kuuzunguka wote bila kushuka. Nje yake mashamba, na nje ya mashamba, kwenye upeo wa macho, duara la pili: vile vilima. Hicho ndicho kingo cha shimo.

Miaka kama milioni 15 iliyopita kitu kutoka angani, chenye upana wa zaidi ya kilomita moja, kiligonga hapa na kuacha shimo la kilomita 25 hivi. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini ni volkano. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na Edward Chao walionyesha kwamba mawe ya hapa yana madini ya koesaiti, ambayo yanahitaji mgandamizo usioweza kutoka kwenye volkano. Na jiwe lenyewe, linaloitwa suevaiti, ndilo lililojengea kanisa ninalosimama juu yake. Lina chembe za almasi ndogo mno, hazionekani kwa jicho. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 waliletwa hapa kujifunza kuyatambua mawe ya namna hii kabla ya kwenda mwezini.

Nilipowafundisha wanafunzi wangu kuhusu kimondo cha Mbozi, kile cha chuma kilicholala Songwe, daima wananiuliza: mwalimu, shimo lake liko wapi? Mbozi hakuna shimo. Hapa ni kinyume: shimo lipo, na kimondo chenyewe kiliyeyuka na kutoweka. Nimepiga picha kumi na mbili kwa ajili yao.

Usiku saa nne tulifungua dirisha. Kutoka juu ya mnara sauti ya mtu ilishuka: "So, G'sell, so!" Mlinzi anaita kila nusu saa mpaka saa sita. Wanasimulia kwamba mwaka 1440 adui alikuwa amewahonga walinzi waache lango bila kufungwa, na usiku huo nguruwe mmoja akajikuna kwenye lango likasukumika. Mwanamke aliyekuwa akipita ndiye aliyeona na kupiga kelele, kwa maneno hayohayo. Mama alisubiri mwito wa saa nne na nusu, na wa saa tano, ndipo akalala.

Siku ya nne, Jumamosi. Augsburg

Asubuhi tuliiona ngome ya Harburg juu ya mto Wörnitz, tukavuka Danube pale Donauwörth, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Augsburg. Mji huu ulianzishwa na Warumi mwaka 15 kabla ya Kristo, na jina lake ni la Kaisari Augusto. Kabla ya kuingia katikati hakikisha gari lina kile kibandiko cha kijani cha hewa safi. La kukodi huwa nalo.

Mafuta tulijaza hapa makusudi. Rudolf Diesel aliitengenezea injini yake kiwandani Augsburg, kati ya 1893 na 1897. Neno tunalolitamka kila siku kwenye sheli za Mwanza ni jina la mtu, na mtu huyo alihangaika na moshi na chuma katika mji huu.

Kisha Fuggerei. Nimeitamani tangu chuo. Ni mtaa wa nyumba za njano, wenye malango yake, uliojengwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521 kwa ajili ya Wakatoliki wa Augsburg walioishiwa bila kosa lao. Watu wanaishi humo hadi leo. Kodi ni senti 88 za yuro kwa mwaka, thamani ya sarafu moja ya zama zile, pamoja na sala tatu kila siku. Tiketi yangu ya kuingia kutazama inazidi kodi ya mwaka mzima ya mwenyeji. Kila mlango una kengele yenye umbo tofauti, ili mtu aliyerudi gizani aujue wake kwa kupapasa. Lango linafungwa saa nne usiku. Baba wa babu yake Mozart, yule mtunzi wa muziki, aliishi hapa. Mama alikaa nje ya nyumba moja, mbele ya maua ya mtu, akasema angeweza kulipa kodi hiyo ya maisha kwa karanga alizobeba.

Hapo ndipo nilipowaeleza kuhusu Vils.

Mwaka 1505 mfalme wa Ureno alituma meli zaidi ya 20 chini ya Francisco de Almeida kwenda India. Meli tatu kati ya hizo zilikuwa na fedha za wafanyabiashara wa Kijerumani na Kiitalia. Sehemu kubwa ya fedha za Wajerumani ilitoka kwa familia ya Welser wa Augsburg, na sehemu ndogo zaidi kwa Fugger. Walitaka pilipili. Ndani ya meli moja walimweka mtu wao, Balthasar Sprenger, aliyejiandika kuwa ni wa Vils. Julai ya mwaka huo jeshi hilo liliingia Kilwa likaupora mji, na Agosti likaichoma Mombasa. Sprenger alikuwepo. Aliporudi aliandika safari yake, ikachapishwa mwaka 1509, na mchoraji wa Augsburg, Hans Burgkmair, akachonga picha za watu wa Afrika na India kwa kufuata habari zake. Kwa hiyo miongoni mwa picha za kwanza za kuchapwa Ulaya zinazojaribu kuwaonyesha watu wa pwani za Bahari ya Hindi jinsi walivyo, zipo zilizotoka kwenye mji huu, na fedha iliyomsafirisha shahidi wake ilitoka humu humu.

Nafundisha kuporwa kwa Kilwa kila mwaka, kidato cha pili. Katika vitabu vyetu wanaotajwa ni Wareno peke yao, na mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka tisa kabla ya kukutana na jina la Sprenger. Nilitaka kufika hapa ili nikirudi darasani niweze kusema: meli zile zilikuwa na wawekezaji, na nimekaa mbele ya milango yao.

Mdogo wangu alinyamaza. Mama aliniuliza jambo moja: "Na yule bibi anayefagia pale, ana kosa gani?"

Nikamwambia hana, Mama. Yeye analipa kodi yake na kusali sala zake.

"Haya," akasema. Akaenda kumsalimia. Walielewana kwa ishara kuhusu maua.

Nyumba hizi ziliwahifadhi maskini kwa miaka 500, na mfuko wa familia hiyohiyo ulichangia meli zilizofika Kilwa kwa vita. Nimeandika yote mawili kwenye daftari, kwenye ukurasa mmoja.

Siku ya tano, Jumapili. Kufuata mto Lech

Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa. Nunua chakula Jumamosi. Tulikuwa na mikate, jibini, mayai ya kuchemsha, matofaa, na zile karanga.

B17 inafuata bonde la Lech kuelekea kusini. Ndiyo njia ya Warumi, Via Claudia Augusta, iliyopita kwenye bonde hili kutoka upande wa Italia hadi Augsburg. Na ndiyo iliyopitisha bidhaa za Venice kwenye maghala ya kina Fugger. Baada ya Schongau milima ikatokea ghafla mbele, yote kwa mara moja, na mdogo wangu akapunguza mwendo bila kuambiwa. Mama alitaka kujua kama ile nyeupe juu ni mawe au theluji. Vyote viwili.

Wieskirche iko katikati ya malisho, peke yake. Mwaka 1738 mke wa mkulima mmoja aliona machozi kwenye sanamu ya mbao ya Yesu aliyefungwa na kupigwa mijeledi, sanamu iliyokuwa imetupwa kwa sababu ya ubaya wake. Mahujaji wakawa wengi mpaka kibanda kikawa hakitoshi. Dominikus Zimmermann akajenga kanisa hili kati ya 1745 na 1754, na alipomaliza hakwenda mbali: alijenga nyumba jirani, akaishi hapo hadi kufa. Nje ni kanisa la kijijini. Ndani kila kitu ni nyeupe na dhahabu na mwanga, dari inaonekana kuondoka.

Tulikuta misa inaishia. Mama alipiga magoti, magoti yaleyale yaliyotupangia safari, na hakutaka kuinuliwa. Tulimsubiri nje. Alipotoka aliniambia alikuwa akitafuta ile sanamu yenyewe kwa macho, na alipoiona ndogo pale mbele, yenye minyororo, ndipo alipolia. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Tulikula mayai yetu kwenye nyasi.

Siku ya sita, Jumatatu. Neuschwanstein, Vils

Neuschwanstein wengi wameisimulia, nitasema ya maana kwa mpangaji. Kutoka bondeni kwa miguu ni nusu saa hadi dakika arobaini, kupanda tu. Basi na magari ya farasi yanasaidia lakini hayafiki mlangoni. Ndani kuna ngazi zaidi ya mia tatu, kupanda na kushuka, na hupigi picha. Ukichelewa dakika zako, tiketi imepotea. Mfalme Ludwig wa Pili alianza kuijenga mwaka 1869, akafa 1886 ikiwa haijakamilika, na wiki saba tu baadaye watu walianza kuingizwa kwa kulipa. Mwaka 2025 makasri yake yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mimi na mdogo wangu tuliingia. Mama alichagua kukaa kando ya ziwa Alpsee, na nadhani alichagua vizuri kuliko sisi: tulimkuta ameivua viatu miguu yake, maji yakiwa kijani na wazi hadi chini, bata wamemzoea. "Ni ziwa zuri," alisema. "Lakini ng'ambo naiona." Mtu wa Nyanza ndivyo anavyopima.

Mchana tukavuka mpaka. Hakuna aliyetusimamisha, ila pasipoti zilikuwa tayari. Vils ni barabara moja, kanisa, nyumba zenye maboksi ya maua, na mlima nyuma yake. Tuliegesha, saa ya bluu ikiwa kwenye kioo. Sikuwa natafuta kitu cha kuonyeshwa. Nilitaka kuona mtu aliyeshuhudia Kilwa ikiporwa alitoka mahali pa namna gani, na mahali penyewe ni kama kijiji chochote chenye ng'ombe na mto. Mdogo wangu aliniuliza Kilwa ni mbali gani kutoka hapa. Nikamwambia siku hizi ni usiku mmoja wa ndege na siku moja ya basi. Sprenger alichukua miezi.

Tukiwa tunarudi kuelekea Füssen, mtu mwenye fulana ya njano akatuinulia mkono tusimame. Nikazima injini. Kwanza tulisikia kengele, nyingi, nzito, kama kanisa linalotembea. Kisha wakatokea ng'ombe, wakiteremshwa kutoka malisho ya juu ya milimani kwa ajili ya majira ya baridi, kama wanavyofanya kila Septemba. Wa mbele alikuwa na taji la maua na matawi kichwani. Mdogo wangu aliwahi kuambiwa na mgonjwa wake kwamba taji huvishwa ikiwa tu hakuna ng'ombe wala mchungaji aliyekufa mlimani msimu mzima.

Mama alikuwa ameshafungua mlango. Alisimama pembeni ya barabara, mkono mmoja kwenye boneti, akiwahesabu kwa Kisukuma kama babu yetu alivyowahesabu wakirudi jioni. Mchungaji wa mwisho, kijana mwenye kofia ya manyoya, alimwinamia kichwa.

"Mwadila," Mama alimjibu. Na akaendelea kuhesabu.